Taa ya Njano

Taa ya njano ya injini iliwaka siku nilipoingia Kabambare na gari langu la mizigo, ikakataa kuzimika. Fundi wa kwanza alibadilisha oili. Wa pili, wa Kasongo, aliifungua injini yote, akaifunga, akabaki na bolti mkononi, akaniambia hizo si za lazima. Kila aliyeligusa gari alikula pesa, na taa ikaendelea kunikodolea macho. Nilichoka hata kugombana.

Mwishowe mke wangu alikubali tuuze mbuzi wake, tukaagiza kapteri Bukavu, kidude cha kupima joto la injini, kidogo kama kidole gumba. Yule fundi wa Kasongo akakifunga. Taa ikazimika.

Asubuhi nilikwenda Wamaza kubeba wauza mchele. Mama mmoja, ambaye kila siku ya soko hukaa mbele kando yangu, alipanda, akatazama penye usukani, akashuka.

“Papa, ile taa iko wapi?”

“Tumetengeneza, mama. Gari iko muzima sasa.”

“Muzima namna gani? Siku zote ilikuwa inawaka na tunafika. Leo imezimika, ni kusema gari imekufa.”

Akawaita wenzake washushe magunia. Nilieleza mpaka koo likakauka, nao wakapakia kwenye pikipiki.

Nilirudi Kasongo na gari tupu, nikamwomba fundi airudishe ile taa. Hakucheka. Aling’oa waya mmoja, taa ikawaka, akanidai bei ileile ya kuizima.