Kiti cha Mzee Emojong

Jamani, mimi nimewahi kupigwa kwa mwiko wa ugali uliokusudiwa mtu mwingine.

Leo nimeona kijana hapa Malaba akiendesha baiskeli ya kulalia, nikajishika utosi. Mkimaliza kusoma niambieni kama nilistahili.

Miaka ya sitini nilijiundia baiskeli kama hiyo, pedali mbele, mimi nimeegemea nyuma kama chifu. Ilikosa kiti tu.

Mzee Emojong wa Amagoro akaniuzia chake cha mbao, chenye mgongo mrefu wa ngozi ya ng'ombe. Bei ya kutupa! Sikuuliza kwa nini.

Kumbe mkewe ndiye aliyemlazimisha. Kwetu kila mzee huenda kwenye chungu cha pombe na kiti chake. Asiye na kiti atakaa wapi?

Jioni hiyo nikawa napita karibu na wanywaji, nimejilaza raha mustarehe. Ungekuwa nyuma yangu ungeona kiti na kofia tu.

Mkewe akaona kiti cha mumewe kinaelekea kwenye pombe. Tena sasa kina magurudumu!

Mwiko ukatua kwenye kofia.

"Mzee, si ulisema umeuza?"

Nikaanguka. Akaniona uso, akashika mdomo. "Woi! Pole, kijana wangu."

Wanywaji wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, mrija wa kunywea pombe mkononi. Mzee Emojong mwenyewe.

Mama akageuka na mwiko wake.

"Mama," mzee akasema taratibu, "kiti niliuza. Kiu sikuuza."