Nani Mzito

Diploma yangu ya kompyuta niliitafuta mwenyewe, ughaibuni, nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi Mwanza, zahanati moja ya Mkolani ilitaka kununua kompyuta mpya, nikawaambia waache. Niliweka Linux, mfumo wa bure usiohitaji mashine mpya, kwenye zile kuukuu, pamoja na programu ya kuandikisha wagonjwa niliyoitunga kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Hufunguliwa upya kwa kila mgonjwa, ili taarifa za mmoja zisibaki wazi kwa mwingine.

Kisha utaratibu wa kutengeneza vifurushi vya Linux, yaani mafungu ya faili za kusakinishia programu, ukabadilika. Faili za Python hutafsiriwa kwanza ndipo mashine izitekeleze. Zamani tafsiri ilifanyika kwenye kompyuta ya mteja, siku ya kusakinisha. Sasa inaingia kwenye kifurushi ikiwa tayari. Mjini hapa nilikuwa wa kwanza kuufuata, nikaiwekea zahanati kifurushi kipya, na nilimwambia kila aliyenisikiliza.

Wiki ileile daktari mfawidhi akanipigia simu: foleni ya mapokezi inafika nje. Nikamjibu, bila hata kwenda kuangalia, kwamba programu ni nzima, mtumiaji ndiye mzito. Mtumiaji alikuwa muuguzi, mama wa Kihaya aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Daktari akaamua kumhamishia stoo kuanzia Jumatatu.

Nilipaswa kutulia. Sikuweza. Nilitembea kutoka Butimba hadi ziwani, nikarudi, nikaketi, nikainuka tena. Ijumaa asubuhi nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vuta kiti, msomi. Usiguse kitu, tazama tu."

Akabonyeza. Tukasubiri. Akamenya chungwa lote, ndipo dirisha likafunguka.

"Mimi nilishabonyeza. Nani mzito?"

Nikakagua kifurushi changu palepale. Tafsiri hubeba saa ya faili ilikotoka. Saa zisipolingana, Python huitupa na kutafsiri upya. Mimi, kwa unadhifu wangu, nilizipa faili zote tarehe moja baada ya kutafsiri. Na kwa kuwa mashine haikuwa na ruhusa ya kuhifadhi tafsiri mpya, ilirudia kazi hiyo kwa kila mgonjwa.

Nikatafsiri upya, sasa ulinganisho ukiwa wa yaliyomo kwenye faili, si wa saa. Akabonyeza, ikafunguka kabla hajaondoa kidole.

Akaniuliza ilikuwa nini. Ningeweza kuwasingizia watu wa Linux, asingejua.

"Ni mimi, mama. Nilikosea."

"Kwangu yameisha. Kwa daktari je? Mlango wake ule pale."

Nikaenda. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akafuta uhamisho wa mama kwenye ratiba ya ukutani, kisha akaniuliza kifurushi kile nimekiweka wapi kwingine.

Siku hiyohiyo nikaelekea Magu, kwenye zahanati nyingine niliyoiwekea.