Fundi Anayeamkia Kuta

Fundi rangi wetu huamkia kuta. Nyumba ikimzidi umri, huigonga kwa kifundo cha kidole na kusema, "Shikamoo," kisha huulowesha ukuta kwa sponji ndipo aukwangue, maana vumbi la rangi za zamani lina sumu, naye hataki lipeperuke. Kabla ya hapo hufunika kila kitu kwa nailoni, hutufukuza wote nje na kuvaa barakoa inayompa sauti ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Jumatatu aligonga ukuta wa sebule yetu, akaamkia. Ukuta ukaitikia, "Marahaba, mwanangu." Fundi akatoka mbio hadi uani nilipokuwa, barakoa imehamia kisogoni. Nikachungulia: nyuma ya nailoni, kwenye kiti chake, alikuwa mama mkwe wangu, tuliyedhani yuko kwa jirani.

"Siondoki! Rangi hii nimeishi nayo miaka arobaini, imenifanya nini?"

Fundi akarudi mlangoni, akapumua kwanza. "Labda wewe haijakufanya kitu, mama. Lakini mjukuu wako anatambaa, na kila anachookota anatia mdomoni."

Mama mkwe akabeba kiti chake mwenyewe, akatoka. Siku hizi fundi akishaamkia ukuta, hakwangui upesi. Hutega sikio kwanza.