Bajaji Katikati ya Njia ya Mbio

Mbio za magari za ubingwa wa Afrika nilizijua kwa masikio miaka mingi kabla sijaziona kwa macho. Kwetu Newala, huku juu ambako hata maji tuliyafuata bondeni na kuyapandisha kwa kichwa, nani angetuletea magari ya mbio? Tulizisikia redioni, mwisho kabisa wa habari za michezo, baada ya mpira kumaliza kujisifu. Mimi niliacha kula nikasikiliza. Mke wangu huwaambia watu kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni redio.

Nilikuwa dereva wa lori la korosho wakati huo, na yaliyokosekana redioni niliyapata kwenye gereji za Masasi, ambako madereva tulisubiri vipuri na kuongopeana. Huko ndiko nilikojifunza kwamba zamani kila nchi ilikuwa na mbio zake na bingwa wake, kila mmoja akijiona jogoo kwenye jaa lake. Kisha zikaunganishwa. Pointi zikawa zinahesabiwa kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo aliyetaka kuwa bingwa wa Afrika ilimpasa kulipakia gari lake melini au mgongoni mwa lori na kubembelezana na watu wa forodha kila mpaka. Nilimhurumia zaidi kwa forodha kuliko kwa makorongo, maana forodha naijua.

Mwanzoni viwanda vikubwa vya ng'ambo vilileta magari, mafundi, na hata ndege za kuwasindikiza kutoka angani. Baadaye vikaondoka kama wageni wa harusini baada ya kula pilau. Wakabaki wenyewe: mwenye gereji, mkulima, mfanyabiashara na mwanawe, baba akiendesha na mtoto akimsomea ramani. Mwaka mwingine raundi moja ilifutwa kwa sababu ya vita, mwaka mwingine kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Watu wa gereji waliucheka ubingwa huo wa mifuko mitupu. Mimi ndipo nilipoupenda zaidi, kwa sababu waliobaki hawakulazimishwa na mtu.

Kulikuwa na jambo jingine lililobadilika, nalo ndilo lililokuja kunigusa. Mbio za zamani zilikimbiwa kwenye barabara iliyo wazi. Dereva wa mashindano alikata kona akakutana na basi, au ng'ombe, au mimi na magunia yangu. Watu waliumia, wengine walikufa. Ndipo ikaamuliwa kwamba mbio zikatwe vipande vifupi, na kila kipande kifungwe kwa utepe saa nyingi kabla, asipite mtu, wala baiskeli, wala kuku mwenye akili. Niliposikia habari hiyo niliikubali kabisa. Barabara ikishafungwa, nilisema, hakuna atakayedhurika.

Nimeshazeeka, lori nimeliacha, nina mikorosho yangu Makote na hasira zangu za asubuhi, ndipo ikatangazwa kwamba safari hii raundi ya ubingwa wa Afrika itapita kwetu. Kipande kimoja kingeanzia upande wa Kitangari na kupita karibu kabisa na shamba langu. Sikulala vizuri wiki nzima. Kwenye mkutano wa kijiji nilizungumza sana juu ya pointi na vipande, hata mwenyekiti akasema huyu mzee apewe kazi atupumzishe. Nikawa mlinzi wa njia.

Tulifundishwa mjini Newala. Nikapewa reflekta ya kuvaa, filimbi, bendera nyekundu na redio ya upepo. Bendera, tuliambiwa, haiinuliwi kwa utashi wako. Mpaka kituo kikuu kiseme. Na redio ni ya mambo mawili tu: gari lililoanguka, au mtu au kitu kilicho barabarani. Mambo ya nyumbani hayaingii hewani, kwa sababu kila kituo kinasikia, na kila kituo kimezungukwa na watu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kipupwe, mikorosho imechanua, na hakuna aliyepulizia dawa ya salfa asubuhi ile. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, wengine kwa bodaboda kutoka Chiungutwa, walikoondoka kukiwa bado giza. Wanawake walikuwa wameshateka maji mapema kwa sababu ya kufungwa kwa njia. Kituo changu kilikuwa pale njia ya mashambani kwetu inapoingia barabara kuu. Jirani yangu, fundi cherehani, alifunga kazi yake akaja na kigoda, akakiweka nyuma tu ya utepe. Alikuwa amenisikiliza miaka yote nikimhadithia mbio hizi, na alikuja kuona kama nilikuwa naongopa.

Gari la mwisho la waandaaji, lile linalopita kuhakikisha njia ni tupu, lilipita. Nikawaambia watu: sasa bado lenyewe.

Hapo ndipo bajaji ilipotokea nyuma yetu, kutoka njia ya mashambani, ikipiga honi. Nikageuka tayari na maneno yangu makali mdomoni. Aliyekaa ndani ni mke wangu. Pembeni yake, amejifunika kanga mpaka kichwani, ni binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, yule ambaye kwa jina lake mimi huitwa baba na mama yake huitwa mama.

Alikuwa ameolewa Masasi na alikuja kwetu kujifungua, kwani mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Mimi nilikuwa nimeambiwa bado. Lini, sikuambiwa, na kuuliza haikuwa kazi yangu.

"Tupishe," mke wangu alisema.

"Njia imefungwa. Mnakwenda wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini leo? Si niliwaambia jana?"

"Tuna mambo yetu."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Miaka yote ile nasubiri magari haya, na siku yanakuja, mambo yao ndiyo yanataka kupita. Nikamwambia arudi nyumbani, magari yakiisha njia itafunguliwa.  Akasogeza miguu yake kidogo, na nikaona kilichokuwa chini ya miguu. Beseni jipya. Ndani ya beseni, kanga zilizokunjwa, na juu ya kanga ule mpira wa plastiki wa kujifungulia, ambao kila mwanamume aliyewahi kuwa baba amewahi kutumwa dukani kuununua.



Nikasogea hadi kwenye bajaji nikainama. Binti yangu alikuwa amelishika bomba la bajaji kwa mikono yote miwili na jasho linamtoka kwa baridi ile. Hakulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Nisemeje redioni?" nilimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini.

"Usiseme."

"Bila sababu hawafungui."

"Sababu hii haisemwi," alisema. "Unataka Makote nzima isikie? Kila ntu anayejua anaurefusha uchungu. Tangu alfajiri hautaki kwenda mbele, na wewe unataka kutangaza. Ntu akikuuliza, hujui kitu."

Wasomi watacheka. Mimi nilizaliwa kwa mama aliyeamini hivyo na nikazaa na mke anayeamini hivyo, na wakati ule, mbele ya mikono ile iliyoshika bomba, sikuwa na hamu ya kubishana na mtu yeyote juu ya chochote. Nilibaki nimesimama kati ya mke wangu asiyetaka niseme na redio isiyokubali ninyamaze. Nyuma ya utepe fundi cherehani alikuwa ananyoosha shingo.

Ndipo yale mafundisho ya mjini yakanirudia. Mtu au kitu kilicho barabarani. Nikaukata utepe, nikamwambia dereva wa bajaji, "Ingia. Simama katikati kabisa."

Kijasho kilimtoka yule kijana. "Mzee, magari?"

"Ingia."

Akaingia. Sasa nilikuwa na habari ya kweli, nikabonyeza redio nikaisema: kwenye kituo changu kuna bajaji katikati ya barabara.

Sauti ya kituo kikuu, mwanamume ambaye tangu asubuhi alizungumza kama mtu mwenye maumivu ya jino, ilipanda. "Iondoe. Gari la kwanza limeshaondoka."

Limeshaondoka. Hilo sikulitegemea. Nikasema, "Inaondoka. Inaelekea Newala."

"Irudishe ilikotoka."

"Hairudi nyuma."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Hairudi nyuma."

Redio ikakwaruza. Nilijua vituo vyote vinasikiliza. Kisha ile sauti ikauliza, taratibu kidogo, "Ndani kuna nani?"

Nikamtazama mke wangu. Akatikisa kichwa, lakini si sana.

"Wanawake wawili," nilisema. "Mama na binti yake."

 Sijui yule bwana ni nani na sikupata kumwona. Ninachojua ni kwamba lazima ana watoto, kwa sababu hakuniuliza tena sababu. Aliuliza, "Wanataka daktari au wanataka njia?"

"Njia."

"Vituo vyote, bendera nyekundu. Mpe njia."

Bajaji ikaondoka ikiyumba kwenye mchanga, na mimi nikasimama nyuma yake katikati ya barabara, bendera juu kwa mikono miwili. Gari nililisikia kabla sijaliona. Kutoka mbali mlio wake ulikuwa unapanda na kushuka kwenye kona, na ulikuwa unakuja kasi mno. Likachomoza na vumbi lake jekundu nyuma, likielekea kwangu, na mimi niliyelisubiri maisha yangu yote nilikuwa na ombi moja tu, kwamba lipunguze. Nikapunga bendera mpaka mabega yakauma. Pua yake ikainama. Likateleza, likanyooka, likaja kusimama karibu yangu hadi nikasikia joto lake miguuni.

 Nikakaa chini pale pale barabarani, nikasema alhamdulillah, nikaisema tena.

Dereva akavua kofia yake ngumu. Alikuwa kijana wa nchi jirani, ana vumbi mpaka kwenye kope. Msoma ramani wake aliuliza kwa Kiswahili cha kwao kama kuna ajali mbele. Nikasema hakuna ajali. Akauliza basi kuna nini. Nikasema sijui kitu. Wakatazamana. Mama mmoja akawaletea maji kwenye kopo, wakanywa, wakashukuru, wakangoja.

Kipande kile kilifutwa. Muda uliopotea haukupatikana tena, jua likawazidi, magari yakapitishwa mwendo wa kawaida, taratibu kama msafara wa mwenge uliochoka, na mashindano yakaendelea kwingine. Watu wa Makote walirudi nyumbani bila kuona gari likikimbia, isipokuwa lile moja, nalo nililisimamisha mimi.

Mke wangu alipiga simu jioni. Mtandao ulikuwa unakatika, nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. "Wote wazima," alisema. Nikauliza anasemaje, sijasikia. Nilikuwa nimesikia. Nilitaka aseme tena.

"Wote wawili wazima. Wa kike. Na ufunge mdomo mpaka kitovu kidondoke."

Nikafunga. Na hiyo ndiyo wiki ambayo nilitukanwa kuliko zote maishani mwangu, nami sijawahi kuwa na wiki tamu kama ile. Dukani walisema mzee ameogopa bajaji. Kisimani walisema niliivuruga Afrika nzima kwa ajili ya safari ya sokoni ya mke wangu. Fundi cherehani alipita mbele ya nyumba yangu na kigoda chake kichwani, makusudi, bila kusalimia, na mimi nikamsalimia kwa furaha hadi akadhani namdhihaki. Kila aliyenisema nilimjibu ndiyo, ni kweli, nimekosa. Moyoni nilikuwa mwepesi. Mtu anaweza kuninunia mwaka mzima kama wa kwangu wamefika.

Siku ya kumtoa mtoto nje, majirani waliitwa. Fundi cherehani alikuja kwa sababu mkewe alimvuta. Alipomwona mtoto akaanza kuhesabu siku kwenye vidole vyake polepole, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akanitazama.

"Ungesema tu, jirani," alisema.

"Ningesema nini?"

 Akaomba kumshika mtoto, na alipompata hakutaka kumrudisha, ikabidi mkewe amnyang'anye.

Watu walipopungua binti yangu alikuja akapiga goti pembeni ya mkeka wangu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

"Nimepona." Akaninyooshea mtoto, nikampokea. Akamrekebisha kanga kifuani mwangu, kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nimekata tamaa mle ndani. Mama hajui. Halafu nikakusikia unamwambia yule mtu wa redio kwamba hairudi nyuma. Nikajiambia, basi, nitafika."