Kofia ya Karabai ya Beno

Karibu na soko la Ifakara, Muhidin, aliyerithi duka la baba yake, alijulikana kwa kutengeneza karabai, zile taa za kupampu zilizoangaza harusi na misiba kabla umeme haujafika. Mtu akimletea kipande kilichoshika kutu, alikigeuza mkononi kidogo tu, akasema kimetoka kwenye taa ya aina gani. Watu walimsifu, naye alipenda kusifiwa.

Mwaka jana mama mmoja wa kijiji cha Namawala, Aurelia, alimletea karabai ya marehemu mumewe, Beno. Pampu haikusukuma, na alitaka taa iwake siku ya misa ya kumbukumbu. Muhidin aliona kiraka cha shaba kwenye kofia ya taa, akaitambua kazi ya mkono wa baba yake. Karabai ya baba yake ilipotea hapo dukani zamani, Muhidin akiwa Morogoro.

"Mama, taa hii iliibwa hapa," alisema, wateja wakisikia. "Mumeo aliipata wapi?"

"Beno hakuwa mwizi," alijibu Aurelia. Alijifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Taa aliiacha mezani.

Jioni Muhidin alimwonyesha dada yake, Safina. Safina akaigeuza taa, akasema:

"Kofia ni ya baba, tangi si lake. La kwetu lilikuwa limebonyea ubavuni. Baba alipoanguka shambani kule Namawala, Beno ndiye aliyemleta nyumbani kwa baiskeli. Baba akamchomolea kofia hii, kwa sababu kofia ya taa ya Beno ilikuwa imeliwa na kutu. Vipande vingine akawagawia watu mpaka taa ikaisha. Nani alikwambia iliibwa?"

Hakuna aliyemwambia. Alidhani tu, na miaka yote akawa anawasimulia watu.

Asubuhi alibadilisha ngozi ya pampu, akaipeleka taa Namawala. Alimkuta Aurelia akianika mpunga kwenye turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakumkaribisha kukaa. Muhidin alieleza yote, macho yake kwenye turubai, akaomba radhi.

"Kule sokoni ulisema mbele za watu," alisema Aurelia. "Huku nani amekusikia? Rudi na taa hiyo sokoni. Nitaifuata Jumamosi."

Jumamosi alikuja, soko limejaa. Muhidin alisimama mlangoni. Alisema Beno hakuiba kitu, na kwamba yeye ndiye aliyemsingizia mtu aliyembeba baba yake akiwa mgonjwa. Mteja mmoja alicheka. Jirani wa duka la pili aliinama akajifanya anapanga ndoo.

Aurelia alichukua taa.

"Misa ilikuwa jana," alisema. "Tuliazima taa."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia."

Alipoondoka, Muhidin aliingia ndani, akakaa nyuma ya makasha. Wateja waliita. Safina ndiye aliyewahudumia mpaka duka likafungwa.