Jembe la Mahari Lililogoma Kung'aa

Mchumba wangu alifukuzwa na chungu. Cheka kwanza, halafu usome.

Mjukuu ndiye anachapa, mimi bibi Lea nasimulia. Ni mwaka hamsini na saba, kijijini kwetu karibu na Mafinga.

Silvester alirudi kutoka migodi ya shaba Rhodesia na koti, miwani ya jua na mdomo. Wazee wanamsalimu "Kamwene," yeye anajibu "Gudi moningi!" Nyoo! Hata mbwa wetu alimchoka.

Akanitaka. Mimi sikumtaka hata kwa dawa.

Kwetu Wahehe, mahari bila jembe si mahari. Silvester akaapa la kwake litang'aa kama bampa la gari la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

"Nina dawa ya nikeli, mzee Joachim. Haihitaji umeme. Unachemsha tu, chuma kinavaa fedha."

Baba yangu, maskini, akaingia mkenge. "Jembe liking'aa, Lea ni wako. Lisipong'aa, ondoka nalo."

Nililia mpaka macho yakavimba.

Siku ikafika, bwana mkubwa hana hata chombo! Akaazima chungu cha chuma cha mama.

"Kisugueni, kinanuka ugali!"

Nikakisugua kwa mchanga kwa hasira zangu zote, kikabaki chuma kitupu.

Desturi inataka binti alipake jembe la mahari mafuta ya nyonyo mbele ya wazee. Nikalipaka. Nikarudia, mpaka yakachuruzika.

"Tulioshe kwanza?" shangazi Evarista akauliza.

"Aa, mama!" Silvester akamjibu. "Dawa ya Wazungu haiogopi mafuta ya washamba."

Akamimina maji yake ya kijani, akatumbukiza jembe, akachochea moto. Vipovu vikapanda. Yeye huyo anapeana mikono na watu, eti fundi!

Akalitoa. Jeusi vilevile, linateleza mafuta.

Mama akamwaga maji, akapiga ukelele. Chungu chake kinang'aa ndani kote!

Silvester akajipiga paji la uso. "Mgodini waliniambia... nikeli inashika chuma kisafi tu, chochote inachokikuta."

Halafu, bila haya, akaongeza, "Basi chungu ndiyo mahari."

Baba akasimama. "Unaniposea binti kwa chungu cha mke wangu? Beba jembe lako."

Akaondoka nalo begani, koti zima limelowa nyonyo.

Chungu hatukukipikia tena. Mama alikiweka mlangoni, na kila mchumba mwenye majigambo aliketishwa mbele yake.

Mabinti, mwanaume akijisifu sana, msibishane naye. Mpeni moto na chungu, achemke mwenyewe.