Mguu Nilioukanda

Jumanne, tarehe 11 Machi. Hapa Kilosa mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, kisha ikatukuta tena njiani tukitoka hospitali Mikumi.

Mama ameruhusiwa leo. Donge la damu lilimwingia mapafuni, na hii ni mara ya pili. Mwaka jana alikuwa ndani ya eda ya baba, kutwa yuko mkekani, tukaambiwa kukaa kule kulichangia. Safari hii eda imekwisha, analima bustani yake, lakini shavu la mguu likavimba. Jirani akasema amekanyaga kitu cha watu. Sikuamini sana, ila sikukataa pia. Nilichemsha maji, nikachukua mafuta ya nyonyo, nikamkanda kama alivyonifundisha mwenyewe. Akanicheka kwamba nina mikono ya ofisini, nikaze. Nikakaza. Kesho yake anatandika kitanda, pumzi ikambana.

Hospitali nilimwambia daktari kwamba nilimkanda, kabla hajauliza. Ni binti mdogo kwangu. Alimwamkia mama kwanza.

"Kukanda kunaweza kulisogeza donge, usirudie," alisema. "Lakini lilikuwapo tayari, dada. Hukulileta wewe."

Naandika yote mawili, maana moyo wangu umeshika la kwanza tu, na hiyo sidhani kama ni haki.

Akaeleza kwamba damu ikiganda tena bila sababu ya wazi, wanatafuta chanzo: pengine saratani iliyojificha, pengine damu yenye asili ya kuganda, pengine kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe. Akauliza habari za ukoo, kisha za mimba. Mama akatazama dirishani.

"Ziliharibika tatu kabla ya huyu."

Huyu ndiye mimi, niliyezoea kumtania kwamba alikuwa mvivu, hakunizalia ndugu. Naye alikuwa akicheka pamoja nami.

Daktari akasema damu ya kuganda huweza kuharibu mimba pia, na damu yake imepelekwa Morogoro kupimwa. Chanzo bado hatukijui, labda mikono yangu imo kidogo, labda haimo. Dawa ya kuzuia damu isigande haachi, huenda maisha yake yote. Mboga za majani ale, ila kiasi kilekile kila siku, zisije zikaivuruga dawa.

Jioni alininyooshea mguu kwa mazoea. Niliufunika kwa kanga, nikaenda jikoni. Tumekula ugali na matembele. Ya mama niliyapima kwa kijiko, akasema namlisha kama kuku wa kizungu, akala yote.